Sentensi Niliyoifuta

Mwezi uliopita tulimzika Dada Atupele kwao Rungwe, kwenye shamba la migomba linaloshuka hadi mtoni. Nilitoka Mbeya alfajiri, nikakaa na wanaume upande wa nyuma, na sikuombwa kusema chochote. Wasifu wake ulisomwa: alizaliwa, akasoma, akaolewa, akawa karani wa ushirika wa wakulima wa viazi kwa miaka mingi. Kila kilichosomwa kilikuwa sahihi. Hata hivyo nilirudi nyumbani na hisia ninayoijua vizuri kutokana na kazi yangu: ile ya kusoma maelezo yasiyo na kosa hata moja, ambayo mtu akiyafuata bado hatafika anakokwenda. Ndiyo sababu naandika sura hii. Inahusu mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa meza moja na Atupele, nilipojifunza upya, nikiwa na miaka arobaini na sita, kazi niliyodhani naijua tangu ujana.

Kazi yenyewe ni kuandika maelezo ya zana. Nilianza na mashine za chuma, kiwandani Mgololo, nikiwa msaidizi wa fundi wa pampu. Chuo sikuwahi kwenda. Kiingereza nilijifunza kwenye vitabu vya vali na mota, kamusi mfukoni, na kwa kuwa mafundi wenzangu hawakupenda kusoma, nikawa nawaandikia kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, hatua zote za kufungua na kufunga pampu. Karatasi zile zilibandikwa ukutani. Nilijivunia ufupi wake. Baadaye pampu zikawa programu za kompyuta, nami nikahamia Mbeya, lakini kipimo changu kilibaki kilekile: maelezo mazuri ni yale ambayo huwezi kuyapunguza zaidi.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, karibu na soko. Duka lilikuwa la familia ya Fadhili, ambao babu zao walitoka pwani wakaleta vitambaa milimani na hawakurudi. Fadhili ndiye aliyekuwa bosi, na ndiye aliyeandika programu ya ushirika. Ngazi ya kupandia ilinukia khanga mpya na udi. Chumba chenyewe kilinukia mkaa, kwa sababu mwezi wa sita baridi ya Mbeya si ya kuchezea, na tulikuwa na jiko dogo karibu na mlango, dirisha likiachwa wazi kidogo upande wa mlima Loleza. Kulikuwa na meza mbili. Moja ya Fadhili, yenye skrini tatu. Nyingine tuligawana mimi na Atupele, ambaye ushirika ulimleta kwetu na simu yake, daftari lake na chupa yake ya chai ili atufundishe kazi yake. Mchana tulikula ugali na maharage, na parachichi ambalo Atupele alilikata kwa kisu cha kufungulia bahasha. Ijumaa mama yake Fadhili alituletea pilau, na Atupele alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo siku pekee anayoelewa kwa nini ushirika ulituchagua sisi.

Mwaka ule ushirika ulitaka wakulima wajibiwe na akili mnemba. Si ile ya kupiga nayo gumzo tu, bali ile inayotenda: inasoma ujumbe wa mkulima, inaamua kinachohitajika, kisha inachukua zana iliyomo kwenye programu na kuitumia. Sisi tuliiita Wakala. Zana zilikuwa kumi na moja. Moja ya kutafuta kikundi kwenye orodha, moja ya kupanga siku ya lori, moja ya kutuma ujumbe, na kadhalika. Wakala haoni zana hizo kama sisi tunavyoona vitufe. Anachokiona ni jina la zana na maelezo yake: inafanya nini, inahitaji kupewa nini, inarudisha nini. Hayo maelezo ndiyo yalikuwa kazi yangu.

Fadhili alikuwa ameandika mstari mmoja kwa kila zana, kwa haraka, kama mtu anayejiandikia mwenyewe. Makosa ya mwanzo yalituchekesha. Zana ya kupanga lori ikishindwa ilirudisha neno moja, "Imeshindikana", na siku moja Wakala alijaribu mara tisa mfululizo kupanga lori kwa kikundi ambacho jina lake lilikosewa herufi. Atupele aliangalia ile mistari tisa kwenye skrini akasema, "Huyu mtoto wenu ana bidii. Hana akili, ila bidii anayo." Nikabadilisha. Badala ya kusema imeshindikana, zana ikasema kikundi cha jina hilo hakipo, tafuta kwanza kwenye orodha, na ukipata majina yanayofanana muulize mkulima. Wakala akaacha kurudia. Niliipenda kazi ile. Nilihisi nimerudi Mgololo, nabandika karatasi ukutani.

Zana ya saba iliitwa "rudisha mgao". Kila kikundi kilikuwa na mgao wake wa mbegu safi za viazi, na siku yake ya kuuchukua kwenye ghala. Kikundi kikishindwa kuja, zana hii iliurudisha mgao na kuutoa kwa kikundi kinachofuata kwenye orodha ya kusubiri, popote kilipo, kuanzia Mbeya hadi Iringa. Tulipofika kwenye zana hiyo Atupele alikuwa anamimina chai. Nilimuuliza ni wakati gani yeye huurudisha mgao. Akasema wakisema hawaji. Nikaandika. Kisha akaongeza, bila hata kuniangalia, "Ila waliofiwa usiwaguse."

Niliandika na hilo. Jioni, nilipokuwa napitia ukurasa, nikalifuta. Fadhili hakuniambia nilifute. Alikuwa ametuomba tu kurasa ziwe fupi, kwa sababu zikirefuka sana Wakala huchanganya mambo, na hilo ni kweli. Mimi ndiye niliyeamua. Niliona kwamba sentensi ile haielezi zana. Inaeleza tabia za watu, na tabia za watu, nilidhani, kila mtu anazijua. Kilichobaki kilikuwa hivi: "Hurudisha mgao wa kikundi na kuutoa kwa kinachofuata. Itumike kikundi kinapotangaza kwamba hakitachukua mbegu siku iliyopangwa." Nilikisoma mara mbili nikaridhika. Hata leo siwezi kuonyesha neno lililokosewa hapo.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, Atupele alipelekwa Igowole wiki nzima kuwafundisha makatibu wa vikundi vya huko. Wakala akabaki akijibu ujumbe kwenye namba yake. Jumatatu, Katibu wa kikundi cha Ilungano, kijiji cha Wasafwa juu ya Uyole, aliandika ujumbe. Nimeuhifadhi. "Salaam. Kesho hatutaweza kuja kuchukua mbegu, tumefiwa na mwenzetu." Wakala alijibu kwamba taarifa imepokelewa na imeshughulikiwa, asante. Kisha akatumia zana ya saba. Kabla ya adhuhuri kikundi kimoja cha upande wa Iringa kilikuwa kimekubali mbegu, na lori lilikwenda huko.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini Ilungano hawakufuatilia. Waliofiwa hawaulizii viazi. Mwili ukiwa ndani hakuna anayekwenda shamba, hata jirani asiye ndugu, na katibu anayepiga simu msibani kuulizia mbegu angeonekana mtu wa ajabu. Wala hakuwa na sababu ya kupiga. Kwa miaka yote aliyomfahamu karani, ukimwambia tumefiwa, kazi yako imekwisha. Mengine atayafanya yeye. Walizika, wakakaa siku zao, wakaanua tanga. Ijumaa Katibu alikwenda ghalani na lori la kukodi na wanaume sita, akaambiwa hakuna kitu.

Atupele alirudi Jumamosi. Nilimwonyesha ujumbe, nikamwonyesha ukurasa. Aliusoma taratibu, kidole chini ya mstari.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia. Nilifuta."

Alifunga chupa yake ya chai. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliniambia nivae sweta, twende.

Mbegu safi zilikuwa zimekwisha ghalani. Ilungano walikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kupanda viazi vya kula vilivyobaki majumbani, ambavyo mwaka uliotangulia viliingiwa na ugonjwa wa mnyauko, au kuacha mashamba wazi msimu mzima. Tulijua hivyo njia nzima, tukipanda kwa miguu sehemu ambayo gari halikupita kwa utelezi. Katibu, mtu mrefu aitwaye Mwasenga, alitupokea nyumbani kwa marehemu, kwa sababu marehemu alikuwa mweka hazina wa kikundi na watu walikuwa bado wanakuja pale. Tulisema pole. Tukapewa maji ya kunawa, tukaletewa viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, tukala, kwa kuwa hakuna neno linaloanza kabla ya hapo. Mjane, Mama Neema, alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa ndani, shuka mabegani. Nilieleza kila kitu. Nilisema kuna programu, kuna maelezo, nami ndiye niliyeyaandika, na kuna sentensi niliyoiondoa.

Mwasenga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Atupele.

"Kwa hiyo hatukuongea na wewe, Dada?"

"Hapana, baba. Nilikuwa Igowole."

"Sisi tulijua ni wewe. Ndiyo maana tulilala."

Hakuna aliyepandisha sauti. Mzee mmoja aliuliza kama kompyuta haijui maana ya kufiwa. Nilijibu kwamba neno inalijua, hata ukiiuliza itakueleza vizuri, lakini hakuna aliyeiambia kwamba huku Ilungano neno hilo linaigusa zamu ya mbegu. Mzee akafikiri, akasema basi ni kama bwana shamba mgeni. Nilikubali. Tangu siku hiyo sijapata mfano bora zaidi wa msomaji ninayemwandikia: mgeni mwenye elimu, mwenye nia njema, asiye na jirani wa kumgusa kiwiko, na ambaye kila asubuhi anafika kazini kama siku yake ya kwanza.

Jumapili tulipanda basi kwenda Iringa. Fadhili alitaka kupiga simu tu, Atupele akasema jambo hili haliombwi kwa simu. Kikundi kile kilikuwa bondeni, upande wa Tosamaganga, na mwenyekiti wake alikuwa mwanamke wa makamo, Mama Kadege, ambaye nilipomsalimia "Kamwene" alijibu kwa Kihehe kirefu, akitaka kujua mimi ni wa wapi na kwa nini natembea na Mnyakyusa. Atupele akasema yeye ndiye anayetembea na mimi, maana Mhehe akiachwa peke yake anaweza kukasirika na mlango. Mama Kadege alicheka, akatuletea togwa. Halafu tukamwambia.

Alisimama akatupeleka stoo. Kreti zilikuwa zimepangwa ukutani, mbegu zimechipua vizuri, machipukizi mafupi na manene, yale ya kupandwa wiki hiyohiyo. Karibu nusu ya nafasi ilikuwa wazi.

"Hizi zilizoondoka ziko ardhini tangu Alhamisi," alisema. "Siwezi kuzifukua."

Nilisema naelewa.

"Ujumbe ulituambia mbegu zimepatikana. Haukutuambia ni za nani." Aliinama akageuza kiazi kimoja, kana kwamba jina la mwenyewe lingekuwa upande wa chini. "Tungejua ni za msibani, nani hapa angezigusa? Mmetulisha mbegu za watu waliofiwa, nasi hatujui."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimehesabu hasara ya Ilungano peke yake. Mama Kadege aliwaita wenzake, wakazungumza nje kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, Atupele akiwa amekaa juu ya kreti tupu anamenya kipande cha muwa. Waliporudi walisema zilizobaki zote zirudi, na nusu iliyopandwa wangeirudisha kwa mbegu wakivuna. Walitafuta lori, wakapakia wenyewe.

Usiku tulilala kwa wenyeji wetu, na Jumatatu tukaondoka na lori lile, Atupele mbele na dereva na mimi katikati yao, daftari magotini. Njia ni ndefu, nami nilimuuliza maswali karibu yote ya njia. Ukiambiwa wamefiwa, unafanya nini kwanza? Unaishikilia zamu siku ngapi? Unajuaje kwamba wamemaliza? Alisema hahesabu siku. Anampigia jirani yao, si wao. Na kama ni ugonjwa? Na kama daraja limebebwa na maji? Na mtu akisema tu hatuji, bila sababu? Akasema huyo ndiye wa kumuuliza, maana asiyetoa sababu mara nyingi ndiye mwenye sababu kubwa. Karibu na Makambako alichoka.

"Kaka Zakaria, unanihoji kama hakimu."

"Nataka nijue unachokijua."

"Sijui kitu. Nafanya tu."

Niliandika na hilo pia, ingawa haliingii kwenye ukurasa wa zana yoyote. Miezi iliyofuata nilikaa pembeni yake kila asubuhi, nikisikiliza anavyoongea na simu, na kila alipofanya jambo nilimuuliza kwa nini hakufanya lingine. Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi mpaka leo. Anayeijua kazi atakueleza anachokifanya. Asichokifanya hakumbuki kukutajia, kwa kuwa hakijawahi kumpitia kichwani, na hicho ndicho Wakala atakachokifanya kwanza. Nilijifunza pia kwamba nikishindwa kueleza zana kwa sentensi chache zinazoeleweka, mara nyingi tatizo si sentensi. Zana ya saba ilikuwa inafanya mambo mawili kwa pigo moja: kuondoa zamu ya mmoja na kumpa mwingine, bila njia ya kurudi. Fadhili aliigawa. Moja ikawa ya kushikilia mgao, ambayo Wakala angeweza kuitumia peke yake. Nyingine ya kuutoa, ambayo isingefanya kazi bila karani kukubali. Kama maelezo mazuri peke yake yangeweza kuiokoa zana ile jinsi ilivyokuwa, sijui. Sidhani.

Lakini siku ile kwenye lori nilikuwa na ukurasa mmoja tu wa daftari, na niliumaliza tulipokuwa tunashuka Uyole. Barabara ya Ilungano ilikuwa imekauka, tukafika hadi juu. Watu walitoka kuangalia lori. Mwasenga alihesabu kreti kwa macho, akaona ni pungufu, tukamweleza nyingine ziko wapi na zitarudi lini. Alisema kwa nusu hiyo kila nyumba itapata ya kuanzia. Kisha akaniuliza kama nimeandika tena. Nikasema nimeandika. Akasema basi, kabla mbegu hazijashuka, tuingie ndani kwa marehemu tusikie ulichoandika kuhusu sisi.

Sijawahi kusomea mtu maelezo ya zana kwa sauti, na sikutegemea kuanza ndani ya chumba chenye watu kumi na wanane na kuku mmoja. Nilisoma. "Shikilia mgao. Huacha mbegu za kikundi zikae ghalani kwa jina lake. Hakuna kikundi kingine kinachoweza kuzichukua. Itumike kikundi kinaposema kimefiwa, kina mgonjwa mahututi, au njia imekatika. Usiulize ni lini watakuja. Mjulishe karani, ambaye atawasiliana na jirani yao. Mjulishe mkulima kwamba wewe ni Wakala wala si karani. Ukiwa na shaka, shikilia." Mzee wa siku ile alitaka niondoe "mahututi", kwa sababu hakuna katibu atakayeandika hivyo kuhusu mtu aliye hai. Nikaweka "mgonjwa mzito". Mwingine aliuliza kama Wakala ataelewa akiandikiwa Kisafwa. Nilisema sijui, tutajaribu, na niliandika swali lake pembeni.

Mama Neema alikuwa palepale karibu na mlango wa ndani. Alikuwa hajasema neno tangu tulipofika mara ya kwanza zaidi ya kuitikia pole.

"Umeandika atakachofanya," alisema. "Hujaandika ataanza na nini."

Nilimuuliza anataka aanze na nini.

"Aanze na pole."

Nilijaribu kuwa mkweli. Nilimwambia ile ni mashine, mama, haioni uchungu. Itaandika pole kwa sababu tu nimeiambia iandike.

"Najua," alisema. "Lakini ule ujumbe wa kujibu, Mwasenga alikuja akanisomea mimi, hapa, mume wangu amelala chumba hicho. Ulisema asante."

Atupele aliokota penseli iliyoanguka karibu na mguu wangu akanipa. Juu ya ukurasa hakukuwa na nafasi, kwa hiyo nilianza ukurasa mpya, nikaandika mstari wa kwanza: "Kabla ya neno lolote, mpe pole aliyekuandikia." Chini yake nikanakili yaliyobaki, taratibu, wakinisubiri. Mwasenga akaniomba nisome tena kuanzia juu. Nilisoma. Nilipomaliza alimtazama Mama Neema, naye akaitikia kwa kichwa, na Katibu akatoka nje kuwaambia vijana waanze kushusha mbegu.